Kadi Moja ya Watu Wawili

Buyenzi, Bujumbura
24 Septemba 1990

Mwanangu Aidah,

Asalaam aleikum. Nimefika salama, ni mgongo tu unaolalamika, na umri wake unaujua. Kifua chako je? Ile tangawizi unainywa au unamwagia maua?

Shangazi yako walimzika siku moja kabla sijafika. Nitakaa mpaka arobaini ipite, ndipo nirudi.

Pale Akanyaru, mpakani mwa Rwanda na Burundi, mambo yalikuwa yale yale. Askari aliona kofia, akaona uso.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Matangani, Buyenzi."

"Pole sana. Pita."

Pasi yangu ya Tanzania hakuifungua. Sisi wa Nyamirambo tumevuka hivyo tangu enzi za babu yako. Msiba ndio kibali. Wanaopanga foleni ya kibali cha kurudi ni wafanyabiashara, watu wasiofiwa.

Kadi ya ukaazi nimeiacha kwenye mkebe wa vifungo. Usiitoe ovyo. Ukaazi wetu ni wa kudumu, lakini karatasi yenyewe imechoka. Jina lako liko nyuma, chini ya langu, na huna karatasi nyingine katika nchi hiyo ya Rwanda.

Cherehani ya dukani uitie mafuta.

Baba yako,
Hemedi

Nyamirambo, Kigali
11 Oktoba 1990

Baba yangu,

Shikamoo. Poleni tena na msiba. Kifua kimepona chenyewe, nadhani kimeona kuna mambo makubwa zaidi.

Vita mmevisikia redioni. Tangu tarehe mosi tunatoka kwa saa na kuingia kwa saa. Jumatatu asubuhi walikuja askari wanne na mtu wa sekta, ile ofisi ya serikali ya mtaa wetu, nyumba kwa nyumba. Jirani yetu Gahongayire alitoa kitambulisho chake. Wakasoma ule mstari wa kabila, wakamwambia avae viatu. Wamempeleka uwanja wa mpira pamoja na wengine wengi. Upepo ukigeuka tunawasikia kutoka dukani.

Mimi nilitoa kadi. Mkubwa wao akaifuata kwa kidole mpaka akafika kwenye jina langu.

"Huyu Hemedi yuko wapi?"

Nilitaka kusema Bujumbura. Lakini siku hizi mtu akiwa nje anaulizwa amempelekea nani habari gani. Nikasema, "Yuko msikitini."

"Saa tatu asubuhi?"

"Anapenda sana kusali."

Basi ujue umekuwa mcha Mungu, usije ukaniangusha. Lakini uje. Wamesema watapita tena.

Binti yako,
Aidah

Buyenzi
29 Oktoba 1990

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sikuulizi hali, hali nimeisoma. Mimi mzima, ila chakula hakipiti vizuri.

Arobaini sikuingoja. Tarehe ishirini nilikuwa Akanyaru. Yule wa "pole sana" hayupo. Yupo mwingine ambaye pole zimemwishia. Akageuza kurasa zote za pasi.

"Muhuri wa kutoka uko wapi? Kibali cha kurudi je?"

Nikasema nilikwenda matangani.

"Mzee, kwa karatasi hizi wewe hujatoka Rwanda. Sasa unataka kuingia mara ya pili?"

Nina miaka hamsini na moja, sijawahi kuwa watu wawili. Nikarudi na basi lile lile.

Katika ubalozi wa Rwanda hapa Bujumbura karani alinieleza bila kuniangalia. Mkaazi wa kudumu aliyetoka bila kibali anaomba upya, na analeta kadi yenyewe, nakala haitakiwi, kabla Novemba haijaisha. Asipoomba anafutwa, na walioandikwa kwenye kadi yake wanafutwa naye.

Kadi usiitume. Wakija utawaonyesha nini, futi ya kupimia? Nitatafuta njia nyingine.

Baba yako,
Hemedi

Nyamirambo
8 Novemba 1990

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umeanza kula. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila mara inasema usitume.

Nimeituma. Imo ndani ya pindo la koti la Zephaniah, huyo dereva wa basi aliyekuletea barua hii. Mvue koti kwanza, salamu baadaye.

Nimefikiri hivi. Wakinikuta sina kadi, labda watanichukua, labda hawatanichukua. Mwezi ukiisha hujaomba, hiyo labda haipo tena, kwangu wala kwako.

Ijumaa iliyopita walipita. Yule mkubwa akauliza, "Bado anasali?" Nikasema bado. Akacheka peke yake, wenzake hawakucheka. Akasema safari nyingine anataka kumwona huyo mzee kwa macho.

Gahongayire hajarudi. Gauni lake bado linaning'inia hapa dukani, mikono sijaitia.

Usinijibu kwa hasira. Nijibu kwa miguu.

Binti yako,
Aidah

Buyenzi
15 Novemba 1990

Aidah,

Asalaam aleikum. Hasira nimeila badala ya chakula cha mchana.

Kadi niliifikisha ubalozini jana. Nilidhani karani ataitazama na kunirudishia pale pale. Akaitia kwenye droo, akazungusha ufunguo. "Inachunguzwa. Wiki mbili." Nikamwambia kuna mtoto nyuma ya kadi hiyo. Akaigeuza? Hakuigeuza.

Wamenipa stakabadhi. Ninakutumia humu, namba yake nimeikariri. Ina muhuri mkubwa. Kuna askari wanaosoma na kuna askari wanaotazama mihuri. Omba upate wa pili.

Usikae dukani peke yako. Nenda kwa akina Athanasie, mteja wetu, uniandikie ukifika. Neno moja linatosha.

Baba yako,
Hemedi

Akanyaru, mpakani
29 Novemba 1990

Mwanangu Aidah,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta.

Zephaniah amenirudishia ile bahasha ya stakabadhi ikiwa imefungwa. Anasema duka lina kufuli kwa nje. Athanasie amemwambia hukufika kwake. Kufuli kwa nje maana yake uliondoka na ufunguo. Mtu anayechukuliwa hapewi nafasi ya kufunga. Hivyo ndivyo ninavyojiambia tangu Jumamosi.

Kibali cha kurudi ninacho. Wamekipiga mihuri mitatu, na kadi wamenirudishia. Nilidhani hapa mpakani kazi imekwisha. Kumbe fomu ina mstari mmoja wa mwisho: mtu aliyeko nyumbani atakayethibitisha kwamba unakaa hapo. Nikaandika jina lako, maana sina jingine. Askari akasema, "Ngoja, tunapiga simu sekta. Wakituambia huyo yuko, unapita."

Kwenye benchi hili tuko watu tisa. Wenzangu wanaogopa kukataliwa. Mimi hata kupita si neno tena. Ninalongoja ni hilo moja, watakalosema sekta.

Askari ametoka na karatasi mkononi. Ameisoma, amenitazama, amerudi ndani kumwita mkubwa wake. Basi la Zephaniah linawashwa. Barua hii ninampa sasa hivi, kabla hawajaniita dirishani, nikiwa bado nina mtu wa kumwandikia.

Baba yako,
Hemedi