Mtego wa Panya Mezani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wa shemeji umeacha kumsumbua. Sisi huku tunapumua. 

Kwanza upoe moyo: binti yako anaendelea vizuri. Jana alilalamika kwamba chai ya hospitali haina sukari, nami nikafurahi kumsikia akilalamika.

Unajua kila mwaka naingia darasani na mtego wa panya. Huwaambia wanafunzi kwamba ndani ya seli zetu mna molekuli iliyo mfano wa mtego huo. Nishati ya chakula, kwa msaada wa hewa tunayovuta, ndiyo inayoutega. Kipande chake kimoja, kiitwacho fosfeti, kikichomoka, mtego unafyatuka na nguvu inapatikana: mguu unanyanyuka, moyo unadunda. Kisha lazima utegwe tena papo hapo, maana akiba yake ni ndogo mno. Naufyatua juu ya penseli, wanapiga kelele, nami najiona bingwa.

Daktari amenieleza kwamba seli za mtoto wetu zinatega polepole. Anakula, anapumua, lakini mitego ikishafyatuka inachelewa kurudi. Alizaliwa hivyo, si uvivu. Akaniuliza kama nyumbani hatukuwahi kuona dalili. Nikatazama viatu vyangu.

Tuliziona, dada. Tangu aje kukaa kwangu, alikuwa akipumzika katikati ya ngazi, nami nikimwita Kobe, hata wenzake wakalidaka jina. Wanasema mganga hajigangi, lakini mimi nilizidi: nilichokifundisha ubaoni nilikicheka sebuleni.

Sasa lile linaloniwia zito. Uliambiwa alianguka akicheza. Hakuwa akicheza. Alisinzia katika somo langu, mtego ukiwa mezani, nami kwa hasira nikamwamuru azunguke uwanja huku darasa zima likimtazama. Akaniambia miguu imekwisha nguvu. Nikamwambia aongeze mbio.

Habari ya mchezo aliitunga yeye. Alimwambia daktari kabla sijafungua kinywa, nami nikanyamaza. Baadaye akanisihi nisikuambie kamwe, eti utamchukia mjomba wake, na mjomba anaye mmoja tu. Naona haya, dada. Kupumua kwenyewe kulikuwa kazi, na pumzi aliyobaki nayo aliitumia kunisitiri.

Leo asubuhi nimemweleza daktari ukweli. Ulikuwa umebaki wewe.

Njoo, hata kama ni kunikaripia. Msalimie shemeji, na barua hii msomee yote.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nikijiita mwalimu.