Kiumbe wa Kijani Aliyepiga Magoti Sokoni

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Nadège,

Yule kiumbe wa kijani kwenye video, anayepita nyuma ya meza za soko halafu ghafla anapiga magoti, yule ambaye watoto wako walimcheka hadi wakaomba waonyeshwe tena, ni mimi. Nyumbani sijamwambia mtu yeyote. Mama mwenyewe ndiye aliyekutumia kile kipande kwenye simu huko Kolwezi, na hajui kwamba amekutumia binti yake.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unanijua: "Ndiyo, Yaya. Hapana, Yaya. Tuko salama." Kisha nampa Mama. Kwenye karatasi nina maneno mengi.

Unakumbuka kile kikwembe cha Mama, kile kitenge cha manjano chenye picha za ndege? Wageni walipofika kwetu nilikuwa najificha nyuma ya mlango wa jikoni, na Mama anabaki na aibu. Siku moja ulinifunika kile kikwembe kuanzia kichwani, ukanisukuma hadi katikati ya wageni, ukasema, "Huyu ni bibi muzee, ametoka Kipushi." Nikaongea, Yaya! Niliwauliza habari za safari, za watoto, za mashamba, hata za kuku. Wajomba walicheka hadi wakafuta macho. Ulipovuta kikwembe, nikanyamaza na kukimbia.

Barabarani ulisalimia kwa ajili yetu sote wawili. "Jamboni, bamama! Na huyu pia anawasalimia." Mimi nyuma yako, nimeshika mkanda wa gauni lako. Kuna siku nililia kwa sababu sauti ilikataa kutoka mbele ya Nkambo, bibi yetu, na wewe ukaninong'oneza, "Kama sauti haitoke, piga tu magoti. Bantu batasikia."

Ulipoolewa, kusalimia kukabaki juu yangu peke yangu. Nilianza kupita njia ya nyuma, pembeni ya mashamba ya mahindi, ili nisikutane na watu. Kwenye bomba la maji wakaanza kusema mtoto wa pili wa Mama Nadège ana kiburi. Maneno yalimfikia Mama. Alitua ndoo, akaniita.

"Weye, ni mi nilikulea, ao ulijilea peke yako?"

Siyo kiburi, Yaya, unajua. Natamani kusalimia. Namwona mtu akija, natayarisha salamu tangu mbali, akifika karibu naangalia viatu vyangu, na yeye ameshapita. Lakini Mama alikuwa anaona haya kwa ajili yangu, na hilo liliniuma kuliko maneno ya bomba.

Baada ya mtihani wa Serikali wa kumaliza shule, tukisubiri matokeo, Mama alinituma kwa jirani yetu Tantine Béa nikamsaidie kushona. Hukumkuta, alihamia hapa ulipokwisha kuondoka. Siku zile alikuwa anashonea vijana wanaotengeneza filamu. Hadithi yao inachekesha: wageni kutoka nyota nyingine wanakuja Lubumbashi kununua shaba, na watu wa mji wanawapokea kama wateja wa kawaida, wanawapandishia bei. Wageni wawili wanaongea. Wengine wanapita tu nyuma ili soko lionekane limejaa. Hao ndio tuliopewa kutengeneza.

Tantine Béa ana sheria yake: aliyetengeneza kiumbe ndiye atakayekivaa, kwa sababu ndiye anayejua kinakunjika wapi na kinapasuka wapi. Nilidhani anatania. Kabla sijashika mkasi aliniuliza, "Huyu wako anatoka wapi? Anaogopa nini?" Nikamwambia, kwa sauti ambayo ilibidi asogee ili aisikie, kwamba anatoka mahali pa giza, na anaogopa watu wakimwangalia. Tantine Béa akasema, "Muzuri. Basi mupe macho makubwa."

Ngozi yake ni mifuko ya unga niliyoipaka rangi ya kijani, mstari mweusi, mstari mweupe kidogo, kama lile jiwe la malakiti ambalo Papa alikuwa anawekea mlango usijifunge. Kichwa ni sponji ya godoro kuukuu. Macho ni vitako vya chupa za plastiki, na nywele ni nyaya za shaba za mota iliyoungua, nilizozisuka kama ulivyokuwa unanisuka mimi. Wenzangu kwa Tantine Béa walikuwa wameshona miguu iliyonyooka kama bomba. Yangu niliiwekea magoti ya mpira wa ndani wa tairi, maana nilitaka aweze kuchuchumaa akichoka. Nilimvaa, nikamfundisha kutembea nyuma ya jiko letu, Mama akiwa kanisani: karibu na ukuta, kichwa upande, kama mtu ambaye jua letu linamchoma macho.

Siku ya kupiga picha tulikuwa pembeni ya soko tangu asubuhi. Trésor, kijana anayeongoza, alitupanga na kutuonya.

"Bale ba nyuma, munasikia? Munapita tu. Hakuna kuangalia muntu, hakuna kugusa kintu. Muntu akikuona weye, umeharibu."

Nilifurahi. Kazi ya kutoonekana naijua tangu utoto.

Tukaanza kupita. Kwenye meza ya mwisho alikaa Mama Kisimba, muuza viwavi vikavu vya kuliwa. Ni mzee, na ni muuzaji wa kweli, walimwomba tu akae mahali pake pa kila siku. Nilipomfikia aliinua uso, akaniangalia moja kwa moja ndani ya vile vitako vya chupa. Yaya, magoti yalikunjika yenyewe. Mikono ya sponji ikapiga makofi taratibu, kama Nkambo alivyotufundisha kumsalimia mkubwa.

"Eyo, mwana!" Mama Kisimba akaitika kwa nguvu. "Balala muzuri kwenu?"

"Coupez!" Trésor akasimamisha kamera, akaja mbio. "Weye kijani, unafanya nini?"

Nikatikisa kichwa. Tukarudia tangu mwanzo, wote, kwenye lile joto. Nilijiambia nitaangalia chini. Lakini mtu mzima ananitazama, nitampitaje? Magoti yakashuka tena, na Mama Kisimba akaitika tena.

"Toka, kijani. Enda ukae."

Nikakaa nyuma ya lori lao. Nililia ndani ya kile kichwa, na sponji ikanywa machozi yote. Mara hii moja nilikuwa nimesalimia, na kwa hilo hilo wamenifukuza. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Kisimba.

"We Trésor, kuja hapa. Ule umefukuza, njo yeye peke yake alinisalimia. Weye tangu asubui unapitaka mbele ya meza yangu na ile kamera yako. Ulinisalimia?"

"Mama, hii iko filamu."

"Na mu filamu bantu habasalimiane?"

Tantine Béa ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha wote. Trésor alijikuna kichwa, akakunja miguu yake mirefu mbele ya viwavi, akasema, "Jambo yenu, Mama."

"Eyo. Sasa unirudishie mugeni wangu."

Trésor akaenda kuangalia tena picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Akawaita wenzake, wakaangalia wote wameinama. Nilisubiri, nikidhani wanatafuta namna ya kunikata kwenye picha. Trésor akaja hadi nyuma ya lori na kuchungulia macho yangu ya chupa.

"Kijani, rudi. Fanya vile vile. Na usiharakishe makofi."

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa parokia. Tantine Béa alitualika, Mama akavaa vizuri, nikakaa kando yake. Nilipotokea kwenye ukuta, nimepita karibu na meza, nimepiga magoti, watoto walipiga kelele na watu wazima wakapiga makofi. Mama aliegemea mbele.

"Ona ule! Benzake bote banapita tu kama mbuzi. Ule, bamulea muzuri."

Kisha akanigusa kwa kiwiko. "Na weye ungekuwa unasalimia bantu vile!"

"Ndiyo, Mama," nikasema. Nilificha mikono chini ya mapaja, maana rangi ya kijani ilikuwa bado haijatoka kwenye kucha.

Sasa nakwambia jinsi nilivyo. Nimefaulu mtihani, Mama ameshakwambia. Ninaendelea kwa Tantine Béa, na Trésor ameagiza kiumbe mwingine kwa filamu ya kiangazi. Nimeshaanza kufikiri huyo mpya anaogopa nini. Na wiki iliyopita nilipita sokoni na uso wangu huu. Mama Kisimba alikuwa anapanga viwavi. Nilisimama mbele yake, nikashuka magoti, nikapiga makofi, na sauti ikatoka, ndogo, lakini ilitoka: "Jambo yenu, Mama." Akaitika kama anavyoitikia watu wote, akaendelea na kazi yake. Hakunitambua. Nilifika nyumbani nikiwa nimesahau nilichotumwa kununua.

Njia ya nyuma bado naitumia siku nyingine. Lakini juzi nilipita kwenye bomba, nikasalimia wawili kati ya wale waliokuwepo.

Nakuomba kitu kimoja, Yaya, kama nilivyomwomba Tantine Béa, na shemeji pia asijue, maana hawezi kunyamaza. Mama bado anawasimulia majirani habari za yule kiumbe, na kila mara anamalizia na wazazi wa huyo aliyemvaa, jinsi walivyomlea vizuri. Akijua ni mimi, atasema nilikuwa naigiza. Niache kwanza nimsikie akimsifu mtoto wa watu. Usimwambie.

Mdogo wako anayekufuata