Kitambi cha Mshika Breki

Jumatatu, 2 Juni 1975

Nimerudi kutoka Lushoto na lori la mbao. Miguu imevimba, roho imevimba zaidi.

Daktari alinifunga ule mpira mkononi, akaujaza upepo, akatazama, akaujaza tena. Presha. Akanipandisha kwenye mizani, akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia nashika breki ya winchi kwenye kiwanda cha mbao, ile inayovuta magogo kutoka bondeni. Akauliza: ukishikwa na kizunguzungu pale, gogo linakwenda wapi?

Bondeni kuna watu.

Basi, kaandika. Mwisho wa Julai nirudi kupimwa. Kitambi kikipungua na presha ikishuka, naendelea na kazi. La sivyo fomani Fanueli anaandika barua ya kuniachisha, napandishwa treni kwenda kwetu Kasulu.

Kwetu! Kaka yangu alileta habari mwaka jana: wamehamishwa wote, wako kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari. Migomba yangu imebaki porini. Nikishuka Kigoma niulize nini — samahani ndugu, mimi ni wa mstari gani?

Ujana wangu wote umeishia Tanga. Mkonge kwanza, halafu huku mlimani. Nilipokuwa nabeba magogo sikuwa na kitambi. Goti lilipoharibika wakanikalisha kwenye winchi. Kukaa ndiko kumeninenepesha. Kukaa, na ugali.

Daktari anataka pia nijiunge na kikundi cha chakula, pale shuleni. Kinakutana Alhamisi kusikiliza kipindi cha redio.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda. Sirudi tena!

Wanawake watupu, na wazee wawili waliofuata redio tu. Ukungu mpaka dirishani. Mwalimu Jenoveva ndiye anayeongoza. Redio ikasema juu ya watoto waliokonda, maziwa, maharage, mayai. Halafu tujadili. Mwalimu akauliza, ndugu mgeni, wewe una tatizo gani? Nikasimama nikasema: nimeambiwa nikonde.

Halafu kicheko! Wengine walijifunika kanga usoni. Mwaka huu wa njaa! Watu wanapanga foleni ya unga wa njano tangu alfajiri, na mimi nimekuja kuomba nisaidiwe nisile. Dorkasi, yule mama mwenye sauti kama king'ora cha kiwanda, akasema: "Mgosi, mwanamume wewe, lete hilo tumbo tuligawane, kila nyumba ipate kipande!"

Hapo nami nilicheka. Lakini mzee mmoja akauliza kama unga wa jikoni kwa wafanyakazi unapitia kwangu kwanza. Huo si mzaha. Nikachukua kofia yangu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeamua. Nitakonda peke yangu, chumbani kwangu. Tumbo langu, mdomo wangu, kikundi cha nini?

Asubuhi chai kavu. Mchana viazi viwili. Jioni mshunga — yale majani machungu ya huku — wa kuchemsha tu, bila chumvi. Ugali basi.

Jioni Hassani akaivisha ugali. Hassani ni mnoa misumeno, mtu wa Mnazi kule chini, tunakaa naye chumba kimoja na sinia letu ni moja. Akasema nawa. Nikasema nimeshiba. Umeshibia wapi? Kazini. Akanitazama, akala, akafunika lililobaki.

Jumapili, 15 Juni

Njaa ina mdomo. Inaongea kutwa nzima, hasa winchi ikinyamaza.

Leo misa Rangwi. Kwenda si kazi, kurudi ndiko. Watu wa huku wakikuona unapita nao wanakula, wanakuita. Karibu! Hukatai. Unanawa, unamega hata tonge moja, unashukuru, unakwenda. Hata kwetu Uha ni hivyo hivyo. Basi nimepita njia ya msituni, naruka mizizi kama mwizi, ili nisiitwe.

Nami nisijidanganye hapa, hakuna anayesoma. Jana asubuhi, Hassani alipokwenda kunawa, nilikwangua ukoko wote wa sufuria. Juzi pia. Mkanda bado tundu lile lile. Mtu akiwa peke yake anajihukumu mwenyewe na kujisamehe mwenyewe, yote kabla chai haijachemka.

Jumatano, 18 Juni

Jirani yangu Rahabu kaniletea makande. Mjane, anauza maandazi pale njia panda. Tangu nimzibie paa msimu wa mvua huwa ananikumbuka.

Bakuli limejaa mpaka juu! Nikashukuru. Nikaliweka kwenye sanduku, nikakaa nikalitazama. Nikionja moja namaliza yote, najijua. Kuyatupa — mwaka kama huu? Na ana wajukuu ndani. Nitamrudishia asubuhi, kama yalivyo, wale wao.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemsalimu Rahabu, hakuitika.

Bombani wanawake walinyamaza nilipofika. Nikamuuliza Hassani kuna nini. Kwanza hakutaka. Halafu akasema: mji mzima unajua Muha kaona kitu kwenye makande ya Rahabu.

"Kitu gani?"

"Wewe ndiye uliyekiona. Hata changu huli siku hizi. Mimi nami nimekuwekea nini, Silvano?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jumapili, 22 Juni

Mzee Tobia, mjumbe wetu wa nyumba kumi, katuita nyumbani kwake baada ya ibada. Watu wamejaa uani. Shikamoo mzee, marahaba, kaa hapo.

Rahabu alizungumza kasimama. Alisema: huyu angenitukana, nami ningemtukana, tungemaliza. Huyu kanirudishia bakuli limejaa, asubuhi na mapema, watu wote bombani wanaona. Hakufungua mdomo, na kaniita mchawi. Tangu siku ile maandazi yangu yanalala. Mnijibu — nani tena atakula mkononi kwangu?

Mimi jasho. Nikasema ni daktari.

Mzee Tobia akaniuliza kama daktari aliyakataza makande ya Rahabu kwa jina. Watu wakacheka. Akauliza tena: ugonjwa gani huu? Mgonjwa huambiwa ale apate nguvu. Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Kiswahili changu kikaanza kuingiliwa na Kiha.

Uamuzi: Alhamisi niende kwenye kikundi, ambako wanawake wa nyumba zote wapo, nikaseme kwa mdomo wangu kilichonifanya nikatae chakula. Rahabu akae pembeni yangu.

Kule kule nilikokukimbia!

Alhamisi, 26 Juni

Nimesema.

Nilikusudia maneno mawili tu. Yakatoka yote. Presha, breki, gogo, watu bondeni. Nikasema na habari ya Kasulu, kwamba sijui nyumba yangu iko mstari gani, kwamba wakiniachisha kazi sina pa kushukia. Hayo hakuna aliyeniuliza! Hakuna aliyecheka. Mwalimu Jenoveva akaeleza presha kwa mfano wa mpira wa bomba uliobanwa kwa mguu, maji yanasukuma mpaka unapasuka. Wakaguna.

Nikamgeukia Rahabu. Nikamwambia makande yako yalinishinda kwa kunukia vizuri, mama, si kwa ubaya. Kisha akasimama akasema: basi tupitishe azimio.

Azimio! Tangu leo hakuna nyumba kumkaribisha Silvano chakula. Anayemkaribisha ndiye anayemkatia tiketi ya Kigoma. Wanaokubali? Mikono ikapanda. Dorkasi kapandisha yote miwili.

Hassani kapewa maagizo kupitia mke wa fomani: sahani yangu peke yangu, tonge la ukubwa wa ngumi ya mtoto, mboga kwa wingi.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Ng'ombe kachinjwa, bendera za TANU, ngoma, hotuba ndefu. Pilau! Mwaka mzima sijanusa bizari. Nikajisogeza karibu na sufuria kama mtu anayekwepa baridi tu. Dorkasi alikuwa na upawa. Akanipa kabichi, akanipa kipande cha nyama kama kiberiti. "Uhuru na kazi, Muha!" Watu wakaitikia: kazi! Fanueli akacheka mpaka mafuta yakamtiririka kidevuni.

Mkanda umeingia tundu jipya.

Alhamisi, 10 Julai

Wamenipima kwa mizani ya mboga, ile ya kuning'inia. Unakalishwa kwenye gunia lenye kamba nne, unanyanyuliwa, unazunguka kama furushi la kabichi. Nimepungua! Wakapiga vigelegele. Mwanamume mzima napigiwa vigelegele kama bibi harusi. Niliona haya. Nilifurahi pia, lazima niseme.

Peke yangu nilijificha nikakwangua masufuria. Hawa wananitazama, basi naogopa kuwaangusha. Ndiyo tofauti.

Jumanne, 15 Julai

Sijui kwa nini naandika hili. Hali yangu ni nzuri, kizunguzungu kimepungua.

Nikitoka kazini jioni napita kati ya nyumba. Watu wameketi milangoni wanakula, moshi, watoto wanagombania maharage. Nikikaribia, maongezi yanakatika. Wanainamisha macho kwenye mabakuli. Mmoja anasema habari za kazi. Nzuri. Napita. Nikishapita nasikia vicheko vinarudi.

Hakuna anayesema karibu.

Najua ni azimio. Najua ni kwa faida yangu, nilikuwepo mikono ilipopanda. Lakini mguu unakuwa mzito. Kule mkongeni, manamba hakuitwa na mtu. Ulikula kwenye laini yako ya vibanda na watu wa kabila lako. Huku nilikaa muda gani kabla mtu wa kwanza hajaniita! Sasa wamerudi kunyamaza. Leo mtoto mmoja aliita, karibu! Mama yake akamfinya.

Hassani anafunika sinia nikiingia. Nimemwambia acha wazi. Anasema hapana, nitaulizwa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefanya ujinga.

Baada ya kazi nilitembea mpaka Malindi, hii ya huku mlimani. Sikujiambia nakwenda kufanya nini. Kuna hoteli ndogo pale yanaposimama magari. Nikachungulia tu. Mwenye hoteli akasema: "Karibu baba! Karibu ndani, pita ukae!"

Machozi karibu yanitoke. Kwa neno moja! Nikapita nikakaa. Chapati, maharage, supu ya mbuzi. Hata njaa sikuwa nayo. Kila alipopita aliniuliza niongeze? Nikasema ongeza, ili anisemeshe tena.

Chapati ya tatu iko mkononi, Dorkasi anatoka jikoni na kuni kichwani. Mwenye hoteli ni dada yake.

Nilingoja king'ora chake. Hakupiga. Alitua kuni, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Akachukua chapati mkononi mwangu akaila yote, polepole, akinitazama. Akasogeza na bakuli la supu akalimaliza. Akafuta mdomo.

"Kumbe unakula ukiwa na huzuni," akasema.

Nikamwambia nyie hamniiti tena. Akauliza, tukikuita utakufa, tusipokuita utakula huku, sasa tukufanyeje? Tulirudi pamoja, yeye mbele na kuni, mimi nyuma. Njia nzima alikuwa anaimba nyimbo za kwaya.

Alhamisi, 24 Julai

Dorkasi hajasema kitu kwenye kikundi.

Mizani: nimeongezeka kidogo. Mwalimu Jenoveva akasema labda ni buti. Nikakubali ni buti. Rahabu akanitazama miguu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jioni, napita. Dorkasi yuko mlangoni na bakuli lake. Akasema: "Karibu ukae." Hakutaja chakula. Nikakaa kwenye gogo lake la kupasulia kuni. Wao wanakula, mimi nimekaa. Tukazungumza mvua na bei ya viazi. Nikaenda. Nyumba ya pili nao wakasema karibu ukae!

Nimechelewa kufika chumbani. Hassani alikuwa ameshalala na sahani yangu nimeiacha nusu.

Jumatatu, 28 Julai

Lushoto, hospitali, kwenye benchi. Nimekuja na daftari ili mikono ipate kazi.

Rahabu kaja. Sikumwita. Alimwambia dereva wa lori anapeleka kabichi sokoni, lakini kabichi hana. Tulipofika akasema: ukirudishwa kwenu, watu watasema Rahabu ndiye aliyemfukuza, kwa hiyo hili ni shauri langu vilevile. Kaniamuru nizunguke uwanja ili nipungue kabla ya mizani. Halafu kakumbuka presha, kaniamuru nikae nitulie. "Tulia! Nimesema tulia!" Mgonjwa wa pembeni ameshtuka.

Fanueli naye yuko hapa. Amekuja kuchukua majibu mwenyewe. Anatembea barazani na bahasha, hanitazami. Sijui ndani ya bahasha mna nini.

Nesi katoka kupanga watu. Kaniuliza jina, kazi, nyumbani. Nikasema Kasulu. Akamgeukia Rahabu: na wewe mama, ni nani wake? Ndugu tu ndio wanaoingia.

Rahabu hata hakufikiri. Akasema: "Huyu ni wa kwetu."

Nesi akatazama karatasi, Kasulu, akamtazama tena Rahabu na lafudhi yake ya Kishambaa. Akasema haya, mngoje.

Sasa moyo unagonga. Naona shati linacheza. Wa kwetu! Angengoja kuyasema tukishapimwa! Nimejaribu kupumua polepole kama alivyofundisha mwalimu, presha haishuki. Rahabu anasema weka kalamu chini, kuandika nako kunapandisha. Ananishika mkono pale pale watakapofunga mpira, anaukanda kama unga wa maandazi, na hajui kwamba ndivyo anavyoizidisha presha — wananiita.