Gari Jekundu Nitakaloleta Harusini Kwako

Binamu,

Wa huko hamjambo? Mimi nyota yangu inawaka! Lile gari jekundu la mbio uliloniuzia linanguruma kama simba, majirani wananuna kwa wivu.

Uliniapia, "Halijawahi hata kukwaruzwa, kaka," nami mjuaji nikakagua redio tu. Fundi alipolichungulia chini alicheka: "Bosi, haya ni mabaki ya magari mawili ya ajali, yamefungishwa ndoa kwa kuchomelewa!"

Si neno. Jumamosi nalileta harusini kwako, mbele ya wakwe zako, juu ya lori, vipande viwili. Mchuma janga hula na wa kwao.

Shemeji yako naye anakuja. Mwachie nafasi ya kiti cha magurudumu.

Ile nyota na ile ngurumo? Uongo mtupu. Gari lilikatika kwenye kona kabla fundi hajaliona, mke wangu akiwa ndani, naye hasimami tena.

Ni mimi,
Mzee wa Spidi