Kidole Kizito

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, mafua tu. Ahsante kwa kukubali kulala ndani ya mashine yetu ya kupiga picha ubongo. Najua fundi wa kuchomelea hapendi kuvuliwa vyuma vyake.

Nakupa majibu haraka maana unajisumbua roho bure. Kila ilipotokea picha ya mkono ulioinuliwa kupiga, ile sehemu ya ubongo inayoamka mtu akikasirika iliwaka kwako kuliko kwa yeyote. Bosi akaguna. Nikamwambia angoje. Wewe ulichelewa mno kubonyeza kile kitufe cha kujibu kila picha, na ubongo ukifanya kazi kwa muda mrefu, damu hujaa na picha huwaka hata kama hakuna la ajabu. Nikaingiza muda wako kwenye hesabu, moto wote ukazimika. Hukurithi hasira za baba. Una kidole kizito tu.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Afya ipo, macho tu yanawasha kwa moshi wa kazi.

Si uzito. Nilikuwa nasubiri ule mkono ushuke. Umesahau? Baba akiinua mkanda, aliyesogea aliongezewa. Wewe ulikimbilia nyuma ya mama, na mama ndiye aliyeng'olewa meno. Mimi nilijifunza kukauka.

Baba amemvunja mama mkono tena. Miaka yote hii sijaenda kumtoa mama kwa sababu naogopa nikimwona yule mzee nitamuua. Sasa unasema mashine imenisafisha. Una hakika? Ukisema ndiyo, naenda.

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe kuchelewa. Nilirudia hesabu mara nyingi, kisha nikaogopa kuandika.

Hesabu ni sahihi. Lakini tulipima kidole na picha, hatukukupima wewe baba akiwa mbele yako. Usiende peke yako. Ningoje, nakuja Jumamosi ya kwanza ya Mei, tutamtoa mama pamoja.

Dada yako

27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, yuko kwa mama mdogo. Barua yako imenikuta mahabusu.

Kimya chako nilikisoma kuwa ndiyo, nikaenda. Nilimkuta mama jikoni, mkono umefungwa kitambaa. Nikamwambia twende. Baba akaingia, akauinua mchi wa kinu. Nami nikakauka, kama zamani. Mchi ukamshukia mama, palepale kwenye mkono mbovu, na mfupa niliusikia.

Baada ya hapo sikuchelewa tena. Nilimnyang'anya mchi nikampiga nao usoni, akaanguka, nikaendelea kumpiga mpaka majirani wakanivuta. Yuko hospitali, taya limekwisha, na wanasema huenda asiamke. Natamani nikuambie nina majuto. Bado sijayaona.

Sikulaumu, dada. Ila ungeniandikia ningoje, ningengoja. Wewe unajua nilivyo mzuri wa kungoja.

Mama anauliza Jumamosi utafika saa ngapi. Hii usichelewe kuijibu.

Mdogo wako