Kitochi Chenu Sikitaki

Evod na Leticia,

Wali uko kwenye hotipoti, perege kwenye sufuria. Funikeni vizuri, paka yupo. Mkiona mawingu, ingizeni mpunga ulioanikwa.

Simu yangu nimeikuta chini ya godoro la Leticia. Naondoka nayo.

Ndiyo, ni mimi niliyetuma kwenye kundi la jumuiya kwamba Mzee Polikarpo ametutoka. Ndiyo, asubuhi hii akina mama wamefika kwake na kuni na mchele vichwani, wakilia tangu barabarani, naye akatoka na kikombe cha chai kuuliza nani kafa. Nyie mkacheka mpaka machozi, halafu mkaninyang'anya simu kama mtoto na kuniwekea hicho kitochi, simu ya vitufe isiyoingia kundi lolote.

Sasa nisikilizeni. Habari ile niliitoa kundi la familia. Aliyeileta ni wewe, Evod. Leticia ukajibu na vile viganja vya kuombea. Kumbe aliyefariki ni Polikarpo wa Malinyi! Hakuna kati yetu aliyepiga simu kuuliza, na Mzee ni jirani yetu, tunamsikia hata akikohoa.

~~Narudi jioni.~~ Nitarudi nikitaka. Naenda kumpa Mzee shikamoo yake na kumwomba radhi uso kwa uso. Kundini sitoki. Kuanzia leo, kabla sijasambaza kitu, nauliza kwanza.

Kitochi nimekiacha hapa mezani, kina chaji. Evod, weka laini yako humo.

Mama yenu