Bibi Arusi Hacheki

Mujukuu wangu Neema,

Huku Kalemie tuko wazima, mama yako mukubwa amerudi kutoka Moba na samaki. Unauliza kwa nini mama wa bibi arusi alikufokea ulipomuambia binti yake acheke mbele ya kamera yako. Mama wee! Ulitaka kuvunja ndoa ya watu?

Siku ya ndoa yangu, mupiga picha naye alisema, "Cheka kidogo." Nyuma yake shangazi zangu wananitolea macho. Ningeonyesha jino moja tu, wangesema nimechoka nyumba ya baba yangu, na ndoa ingesimama pale pale. Babu yako, yule mutundu, akaninong'oneza: "Shangazi yako amevaa viatu visivyofanana." Kicheko kikanifika kooni. Nikamufinya mukono kwa nguvu zote, nikakaza uso kama niko kwenye kilio.

Kwa hiyo muache bibi arusi anune, lakini angalia vizuri.

Foto yetu ya siku ile njo hiyo ingali ukutani. Wageni walikuwa wanasema nililazimishwa. Babu yako, kabla ya kufa, alikuwa anaweka kidole chake pale chini, kwenye mikono yetu.

Nkambo wako